Robo, Nusu, na Nyongeza ya Mama Jumaa

Ninyi mnaobaki pale kliniki ya kisukari mliniomba niwaandikie nilichojifunza. Nimekubali, ila msitegemee habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili lenyewe mara ya mwisho nililiona limeegemezwa dirishani ili dirisha lisipigwe na upepo. Nitawaandikia habari za sindano, maana ndizo nilizozishika tangu nikiwa binti hadi mwezi uliopita, nilipokabidhi funguo za kabati la dawa na kugundua kwamba mfuko wa koti langu umekuwa mwepesi mno.

Nilianza kazi hapa Lushoto asubuhi moja ya ukungu, viatu vimeloa. Aliyenipokea wodini ni Sista Perpetua, muuguzi wa zamani mzaliwa wa Vuga, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo hata wagonjwa wenye homa kali waliisikia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanikabidhi sufuria. Nikafikiri nimetumwa kuchemsha chai. Kumbe ilikuwa sufuria ya mabomba ya sindano, na chai kwa mwajiriwa mpya ilikuwa bado sana.

Wengi wenu hamjawahi kulishika bomba la kioo. Tulilichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, tukalitoa kwa koleo, tukaliacha lipoe lenyewe, na ole wako ukilipuliza kwa mdomo. Sindano ilitumika tena na tena hadi ikawa butu, ndipo ukainoa kwenye jiwe dogo na kuipitisha juu ya pamba. Ikinasa hata unyuzi mmoja, inarudi jiweni. Sukari tuliipima kwenye mkojo: matone machache ndani ya dawa ya bluu, unachemsha, unangoja rangi. Ikibaki bluu, vizuri. Ikigeuka kijani, mashaka. Ikifika rangi ya tofali, Sista Perpetua aliacha kutabasamu, na hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo hata kwa bluu.

Kwake ndiko nilikojifunza insulini. Alikuwa akimwongezea mgonjwa yuniti mbili tu, kisha anamtazama siku kadhaa: anakula nini, analala vipi, anatokwa na jasho saa ngapi. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana. Nilimuuliza, tena mbele ya kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo halikuwa la adabu, kwa nini tusimpe mtu dawa ya kutosha leo hii ikiwa dawa ipo na sukari inatisha. Akanishika mkono hadi kwenye korido.

"Naomi, mwilini mwa mtu sisi ni wageni," aliniambia. "Piga hodi, halafu subiri uitikiwe."

Akarudi wodini. Hodi hiyo nimeipiga kwa zaidi ya miaka thelathini, na sioni aibu kusema kwamba nimeipiga vizuri.

Baadaye nilipelekwa zahanati ya Mtae, kule juu mwisho wa barabara, ambako ukungu ndio mgeni pekee anayeingia ndani bila hodi. Mtae ilinifundisha kwamba mgonjwa akishavuka mlango wako, anabaki yeye na dawa yake. Wakati ule hakukuwa na simu ya kumpigia kumuuliza anaendeleaje. Kama hukumweleza vizuri akiwa amekaa mbele yako, basi tena.

Kule kulikuwa na Baba Yohana, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mtu wa heshima zake. Alikuwa amekwenda mbali kutibiwa akaanzishiwa vile vidonge vikubwa vyeupe vya kisukari, dozi kamili tangu siku ya kwanza. Akavimeza asubuhi, akapanda basi la kurudi nyumbani. Mnazijua kona za barabara ya Mtae. Tumbo lilimchafuka akalisimamisha basi mara tatu, na kofia yake ya kanisani kichwani, huku nusu ya abiria ni watu anaowaongoza kwenye sala. Alipofika zahanati aliniwekea pakiti mezani akasema haitaki tena ile dawa ya kumteremsha basini.

Tulimwanzishia upya, mimi na tabibu wetu: kidonge kimoja, baada ya chakula cha jioni, nyumbani kwake, karibu na choo chake. Tumbo lilipotulia tukaongeza kingine. Baba Yohana alizitumia dawa hizo hadi uzeeni, na hakuniambia ahsante hata siku moja, ila kila mavuno niliona kiroba cha viazi mlangoni. Tangu hapo nilijua kwamba dawa nzuri ikianza vibaya, mgonjwa haulizi kwa nini. Anaacha tu.

Haya, niruke miaka, maana najua mnachongojea. Nimerudi Lushoto, mabomba ya kioo yamekwisha, mkojo hauchemshwi tena, na zimeingia sindano mpya za mara moja kwa wiki, zile za mfano wa peni. Kwetu bado ni dawa ya kutafutwa. Wachache walio na ndugu mijini ndio huzipata, wanatuletea tuwaelekeze. Zinashusha sukari, zinapunguza uzito, na zinamfanya mtu ashibe upesi kwa sababu chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi. Hapo ndipo penye kazi. Ukimpa mtu dozi kubwa ghafla, tumbo linagoma: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Kwa hiyo aina ile iliyotufikia ina ngazi zake. Unaanza na robo miligramu kwa wiki nne, unakwenda nusu, na ikihitajika ndipo unafika moja. Ile robo haiko pale kushusha sukari sana. Iko pale kulizoesha tumbo.

Robo, nusu, moja. Kwa muuguzi ni ngazi. Kwa watu wa sokoni ni vipimo vya maharage, na hilo hakuna aliyelifikiria hadi alipokuja Mama Jumaa.

Mama Jumaa anauza matunda na mboga sokoni hapa mjini. Ana mwili mkubwa, kicheko kikubwa na meza kubwa kuliko za wenzake wote. Ananizidi umri kidogo, kwa hiyo shikamoo ilikuwa yangu na marahaba yake, hata siku alizokuja kliniki kugombezwa. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na vipimo vya mwisho vilionyesha figo zake zimeanza kuchoka. Hilo ndilo lililotutisha sisi, na lilimtisha yeye kuliko sisi. Dada yake mkubwa aliugua figo vivyo hivyo, akawa anasafishwa damu Dar es Salaam hadi alipofariki, na Mama Jumaa ndiye aliyemuuguza. Aliniambia siku moja, bila kicheko, kwamba kifo hakiogopi, anakiogopa kile kitanda chenye mashine.

Daktari wetu wakati ule, na mpaka sasa, ni Daktari Neema, msichana wa Mwanza aliyekuja milimani na koti jembamba na akili nzito. Yeye ndiye aliyepanga kwamba sindano hizi zingemfaa Mama Jumaa, kwa sukari, kwa uzito na kwa figo zenyewe. Mtoto wake Jumaa, anayefanya kazi Dar es Salaam, akazituma kwenye boksi la barafu. Alituma zote kwa mpigo, peni ya kuanzia na ile kali ya baadaye, kwa nia njema kabisa. Tulimwelekeza mama vizuri: aziweke kwenye friji lakini mbali na barafu, abadilishe kisindano kila mara, ahamehame tumboni na pajani, akishabonyeza ahesabu taratibu kabla ya kuchomoa. Tukachagua siku inayofuata gulio, ili kichefuchefu kikija kimkute amepumzika. Daktari akamweleza ngazi zote, robo, nusu, moja. Mama Jumaa akaitikia kila neno, akasema ameelewa.

Naye alikuwa ameelewa, ila kwa Kiswahili cha sokoni. Kwa muda wote alioshika mizani, mtu wa robo kilo ni mtu ambaye hali yake si nzuri, unampimia kwa huruma. Yeye, mwenye meza kubwa, apimiwe robo? Na hizo wiki za robo hakusikia kitu, wala njaa haikupungua. Akaanza kuwalalamikia wenzake kwamba sista Naomi ananibania, anasubiri niombe nyongeza. Mnajua nyongeza ya soko letu. Ukishapima, mteja anabaki amesimama, mkono haujafunga mfuko, mpaka umtupie matunda mawili matatu ya plamsi juu yake. Asiyetoa nyongeza ana roho mbaya, na asiyeidai ni mgeni.

Basi wiki ya nne Mama Jumaa akajipa nyongeza mwenyewe. Akaifungua ile peni kali, akajichoma moja nzima, mara nne ya alichozoea. Jioni yake palikuwa na shughuli kwa jirani, akala makande sahani mbili kwa sababu kukataa chakula cha shughuli kwetu ni kumtukana mwenye nyumba.

Aliletwa siku ya tatu, akiwa nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva. Alikuwa ametapika hadi maji ya kunywa hayakai. Midomo mikavu, macho yameingia ndani, mkojo karibu hakuna. Nilipomuuliza alichofanya, alinionyesha kidole kimoja. Nilielewa palepale. Figo zilizochoka zikikosa maji siku tatu zinaweza zisirudi. Kile kitanda chenye mashine nilikiona kimesimama pale wodini kati yangu na yeye.

Daktari Neema hakupoteza muda. Aliagiza dripu, akamsimamishia vidonge vyake vya kisukari na vya presha ambavyo vingezidi kumuumiza katika hali ile, akamkagua tumbo kwa makini asije akawa na maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni, dalili ambayo kamwe msiipuuze kwa mtu wa sindano hizi. Hakuwa nayo. Damu ikachukuliwa. Vipimo vya figo vilikuwa vimepanda vibaya. Kazi yangu ikawa dripu na beseni la mkojo, na niwaambie ukweli, sijawahi kulitazama beseni kwa hamu namna ile. Kesho yake mchana lilipata kitu, rangi ya chai ya rangi. Nikamwita daktari kana kwamba nimeokota dhahabu. Akaja mbio, tukaliangalia pamoja, tukacheka kama wendawazimu, na yule mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe.

Figo zilirudi polepole hadi pale zilipokuwa mwanzo. Lakini Mama Jumaa alitoka wodini ameapa kutozigusa tena sindano hizo. Jumaa alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, sauti ya adabu na hasira ndani yake, akaniamkia kwanza kisha akasema peni zote zitupwe, mama yake hatachomwa tena. Nilimwambia nimemsikia. Daktari Neema alisema tungempa muda, maana hata kurudia kusingefanyika kabla hajapona sawasawa, ila asipokuwa na dawa hii tunarudi kule kule, sukari juu na figo zinakwisha taratibu. Akaniuliza, mama, wewe unawajua watu wako, tufanyeje? Nikamwambia nakwenda kununua mboga.

Nilikwenda sokoni siku isiyo ya gulio, meza zimepoa. Mama Jumaa alikuwa amekaa juu ya kreti, amekonda uso. Nilimwamkia, akaitikia akitazama pembeni. Nikaomba plamsi. Akapima, akanitupia tatu za juu bila kufikiri, mkono umezoea. Ndipo mwenzake wa meza ya jirani akasema kwa utani kwamba leo sista kapewa nyongeza aliyoinyima. Hapo ndipo nilipolisikia neno hilo likitajwa kwa habari ya dozi kwa mara ya kwanza, na mambo yote yakanikaa sawa kichwani. Niliweka kikapu chini, nikavuta kreti nikakaa.

"Dada, nyongeza anatoa nani?" nilimuuliza. "Muuzaji au mnunuzi?"

"Muuzaji."

"Na mnunuzi akijichukulia mwenyewe mezani?"

"Huyo mwizi," alisema. "Tunamkimbiza mpaka stendi."

"Basi muuzaji hapa ni tumbo lako. Ulilichukulia kabla halijakupa, nalo likakukimbiza."

Mwenzake akawa anapanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Kisha Mama Jumaa alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa ndani yake pia. Akasema kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika. Alipojifuta kwa ncha ya kanga akaniuliza swali moja tu, kama figo zake zitavumilia jaribio la pili.

Sikumjibu kwa kubahatisha. Nilimwambia hilo ni la daktari na vipimo, na nilimpeleka kliniki wiki hiyohiyo. Vipimo viliporidhisha, Daktari Neema akamwanzishia upya kutoka chini, robo, na ile peni kali tukaitunza sisi kwenye friji ya kliniki. Jumaa alipiga simu tena. Safari hii aliongea na daktari, kisha akaongea na mama yake, na mama yake ndiye aliyemaliza mjadala, kwa sauti ya mtu anayemfukuza mteja msumbufu.

Robo hiyo hakukaa nayo wiki nne tu. Wiki ya nne ilipofika bado alikuwa na kichefuchefu cha asubuhi, na daktari akasema ratiba imeandikwa kwa ajili ya mtu, mtu hakuumbwa kwa ajili ya ratiba. Akabaki palepale wiki nne nyingine. Nikamfundisha sahani ndogo, kula polepole, kuacha anapohisi ameshiba hata kama makande yanamtazama, kupunguza mafuta, kunywa maji kidogokidogo mchana kutwa. Kwenye shughuli alipata ujanja wake mwenyewe. Anapokea sahani kwa mikono miwili, anaonja, anamsifu mpishi kwa sauti ya kusikika jikoni, kisha anaomba kufungiwa kilichobaki. Hakuna mwenye nyumba aliyetukanika.

Akapanda nusu. Siku mbili za kwanza tumbo lilinung'unika, likanyamaza. Sukari ikashuka, mwili ukapungua taratibu, kwa kiasi ambacho watu walianza kusema amependeza badala ya kunong'ona kwamba anaumwa. Vipimo vya figo vikasimama palepale, havishuki wala havipandi, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mara hiyo ya tatu aliniomba nimsomee karatasi mara mbili. Halafu akauliza lini atafika kilo. Daktari Neema akamwambia hana haja, nusu inamtosha, dozi sahihi ni ile inayofanya kazi na mtu akaivumilia. Mama Jumaa alitafakari. Akasema sawa, lakini wenzake wa sokoni wasiambiwe kwamba yeye ni mtu wa nusu.

Samahani Mama Jumaa, nimewaambia hawa.

Mkiniuliza ni kitu gani ninachojivunia katika kazi yangu yote, sitawatajia hafla ya kuniaga, ingawa keki ilikuwa nzuri. Najivunia kwamba kile kitanda chenye mashine hakijampata. Najivunia Daktari Neema, ambaye siku hizi huwauliza wagonjwa wapya wanafanya kazi gani kabla hajawaeleza dozi, na fundi cherehani anaelezwa kwa futi, na dereva kwa gia. Nikimsikia najisikia kama Sista Perpetua, ila mimi ni mrefu zaidi.

Juzi, mstaafu mpya asiye na koti wala funguo, nilikwenda sokoni kununua plamsi. Mama Jumaa alikuwa amesimama, kreti yake ya kukalia ameigeuza ya kupangia karoti. Akapima kilo yangu, akaimimina kwenye kikapu. Mimi nikabaki nimesimama, mkono haujafunga kikapu, kama desturi. Akaniangalia. Akachagua plamsi moja, ndogo kuliko zote mezani, akaiweka juu kwa heshima kubwa.

"Anza na hiyo, mdogo wangu," alisema. "Ya pili uje uchukue baada ya wiki nne, kama tumbo limeitikia."

Soko zima lilicheka. Nikaila palepale, mbele yake, ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka.